Namba Kumi na Saba Mgongoni

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara kuu kama shuka iliyosahauliwa kambani, na jua lilipochungulia, lilichungulia kwa jicho moja. Mbele ya stendi ya mabasi watu walichomoza ghafla kutoka kwenye weupe ule, kila mmoja na mzigo wake, na waendesha bodaboda wakawarukia kama kuku waliomwagiwa mtama.

Fundi cherehani aliteremka kwenye basi la kwanza akiwa amekumbatia robota la kitambaa lililomfika kidevuni. Alivaa gauni la bluu iliyokoza alilojishonea mwenyewe, lenye mkunjo mmoja kiunoni na mifuko miwili mikubwa, kwa maana aliamini kwamba gauni lisilo na mfuko limeshonwa na mtu asiyewajali wanawake. Kabla hajakanyaga lami sawasawa, mmoja alishamshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na wa tatu alikuwa anavuta robota.

"Dada, twende zetu!"

"Achana na huyo, hana breki!"

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza!"

"Niacheni!" Fundi alifoka. "Nina mikono miwili tu. Nikiwagawia nyinyi, nitashonea meno?"

Wakacheka, lakini hawakumwachia. Ndipo alipomwona mmoja aliyeketi pembeni juu ya pikipiki nyekundu, akifuta kioo chake kwa kitambaa bila haraka. Kwenye usukani zilining'inia kofia ngumu mbili.

"Wewe kaka!" Fundi akampigia kelele. "Mbona huji kunivuta kama wenzako?"

"Mteja si mbuzi wa mnadani, dada," alijibu bila kuinua kichwa. "Akitaka, atakuja kwa miguu yake."

Fundi akajinyofoa, akalipokonya robota lake, akaenda kwa miguu yake.

"Huyo ni Taratibu!" wenzake wakamzomea. "Dada, ukipanda naye beba na chakula cha mchana!"

Hawakumsingizia. Taratibu alimvalisha kofia, akamfungia ukanda chini ya kidevu, akalifunga robota kwa mpira, kisha akaondoka kama mtu anayesindikiza mayai. Mtaa wa tatu Fundi akashindwa kuvumilia.

"Kaka, tumepitwa na mwenye baiskeli."

"Nimemwona."

"Na mama mwenye mkokoteni."

"Yule anawahi, dada."

"Na mimi je?"

"Wewe unafika."

Fundi akajishika vizuri nyuma yake. Alipoteremka mbele ya duka lake, chumba kimoja chenye mlango wa bati, cherehani mbili na kioo kirefu cha wateja, aligundua kuwa anatabasamu peke yake, akajikemea.

Lakini kesho yake alitoka nje akitafuta pikipiki nyekundu. Na keshokutwa. Kufikia Aprili Taratibu alikuwa akimfuata kila siku saa kumi alasiri, na simu zao ziliwachosha hata majirani.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nipo kwenye tuta."

"Tuta gani?"

"La shule."

"Dakika tano zilizopita ulikuwa hapo hapo!"

"Si nimekwambia nipo kwenye tuta? Nalivuka kwa heshima."

"Siku ya harusi yetu utafika bibi arusi ameota mvi."

"Kwa hiyo harusi ipo?" aliuliza Taratibu, na Fundi akakata simu, uso unamwaka kama pasi.

Mwezi huo manispaa ilitoa tangazo: kila mwendesha bodaboda avae kizibao cha kung'aa chenye namba mgongoni, ili abiria akidhurika ajue amtaje nani. Mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima mwenye tumbo la heshima na fimbo asiyoihitaji, alileta kazi kwa Fundi. Vizibao arobaini, namba moja hadi arobaini. Fundi alishona siku tisa. Kwa kila namba aliomba kimoyomoyo, "Mungu, anayepanda nyuma ya namba hii afike." Aliamini anashona ulinzi. Namba kumi na saba aliishona mishono miwili.

"Za wenzio nimepitisha uzi mara moja," alimwambia Taratibu akimvalisha. "Yako mara mbili."

"Kwa nini?"

"Isije ikadondoka ukikimbia."

"Mimi? Nikimbie?" Wakacheka mpaka Taratibu akaegemea kioo cha wateja.

Tangu siku hiyo Fundi aliacha kutazama uso. Alitoka dukani saa kumi, akaona namba kumi na saba mgongoni, akapanda. Namba aliishona kwa mkono wake; angeuliza nini tena?

*

Ijumaa ya pili ya Juni kulikuwa na manyunyu tangu mchana. Fundi alifunga duka akiwa na mkoba begani na gauni la mteja ndani ya mfuko wa nailoni. Pikipiki nyekundu ilisimama ng'ambo ya mtaro, mwendeshaji amevaa koti la mvua, kofia ngumu kichwani, kizibao juu ya koti. Kumi na saba. Mishono miwili. Akapanda.

"Kofia yangu iko wapi leo? Umempa mke mwenzangu?"

Mabega ya mwendeshaji yakatikisika kwa kicheko. Hakujibu. Pikipiki ikaruka.

Mwanzoni Fundi alidhani ni mvua inayomharakisha. Kisha likaja tuta la shule, na pikipiki ikalipita kama haikuliona. Taratibu hakuwahi kupita tuta bila kuliomba radhi. Akatazama ile mikono kwenye usukani: vidole virefu, kucha zimekatwa vizuri. Halafu pua yake, iliyokuwa imezoea harufu ya oili na sabuni, ikapokea manukato.

"Wewe nani?" alipiga kelele. "Simama! Nasema simama!"

Mwendeshaji akakata kona kuelekea kiwanda cha mbao kilichofungwa. Nyuma ya ukuta mtu wa pili alikuwa anangoja. Hawakusema hata neno moja. Walivuta mkoba, Fundi akaung'ang'ania. Alikuwa na hasira kuliko hofu, na pengine hilo ndilo lililomponza. Yule mwenye kizibao akamsukuma kwa mguu kutoka juu ya pikipiki. Fundi aliangukia mkono wa kulia, akausikia ukivunjika, sauti ndogo kama kijiti kikavu. Alipoinua kichwa kutoka kwenye tope aliona namba aliyoishona mwenyewe ikienda zake kwenye manyunyu, imekaa sawa, haikulegea hata uzi.

Polisi wa dawati alikuwa na kalamu iliyogoma kuandika.

"Ulimwona uso?"

"Hapana."

"Ulipanda pikipiki ya mtu ambaye hukumwona uso?"

"Niliona namba."

"Namba si uso, dada."

"Basi mliwavalisha za nini?" Fundi alimuuliza, mkono wake umefungwa kwa kanga, meno yanagongana. "Mlituambia tutazame namba. Nimetazama namba. Sasa mnaniambia nitazame uso. Kesho mtaniambia nitazame nini? Kitovu?"

Polisi akakung'uta kalamu yake.

Zahanati walimtia plasta kuanzia vidole hadi kiwiko. Taratibu alifika akihema, amelowa. Akapiga magoti kando ya kitanda, mbele ya muuguzi na wagonjwa wote.

"Mpenzi wangu. Mpenzi wangu. Mama alipatwa na presha asubuhi, nikampeleka kliniki, foleni ikawa ndefu, nikakutumia ujumbe unisubiri..."

"Simu ilikuwa ndani ya mkoba, sikuuona." Fundi alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimtazama usoni kweli. "Alivaa kizibao chako. Kilifikaje kwake?"

Taratibu aliinamisha macho kwenye plasta. "Kiliibiwa," alisema. "Jana. Niliogopa kukwambia, ulikuwa umekishona vizuri."

Fundi akamwamini. Alimpapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, yeye mgonjwa akambembeleza mzima. Na polisi walipomuuliza, Taratibu aliwaambia maneno hayo hayo: kiliibiwa Alhamisi.

*

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, mama yake Taratibu alikuja dukani na chupa ya chai na kitana. Alikuwa mama mwembamba, mcheshi, anayemwita Fundi mkwe kabla ya posa kufika.

"Nimesikia hujachana nywele tangu Jumatano," alisema. "Kaa chini. Mkono mmoja hausuki."

Fundi aliketi kwenye mkeka, mama kwenye kigoda nyuma yake. Cherehani zilikuwa kimya, zimefunikwa. Mama alichana taratibu, akiongea habari za presha, za jirani, za bei ya dawa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa:

"Na yule kijana, alimrudishia mwanangu kizibao chake? Yule anayenukia kama duka la manukato, mwenye maneno matamu."

"Kijana gani, mama?"

"Si yule waliyempa jina la Sukari. Mpwa wa Mwenyekiti. Ana pikipiki nyekundu kama ya mwanangu, ila hana namba yake mwenyewe, basi wenzake humwazima."

"Mama, kizibao kiliibiwa Alhamisi."

"Alhamisi ipi, mkwe wangu? Ijumaa asubuhi mwanangu alikivua mlangoni kwangu, mimi nimeshika ukuta kwa kizunguzungu. Yule kijana akakivaa pale pale. Akaniambia, 'Ugua pole, mama.' Mtoto ana adabu..."

Kitana kikasimama. Mama hakuwa mjinga. Mikono yake ikaanguka mapajani.

"Ee Mola," alisema polepole. "Nimesema nini?"

"Umesema kweli, mama. Niazime simu yako."

Simu iliita mara moja tu.

"Ee, mama. Umefika salama?"

"Si mama."

"Mpenzi? Mbona unatumia simu ya..."

"Yangu anayo rafiki yako."

Fundi alisikia honi, na mtu akiita abiria.

"Nisikilize kwanza," alisema Taratibu.

"Nimekusikiliza wiki tatu. Nani alivaa?"

"Mwenyekiti alinifuata kliniki kabla hata sijajua umeumia. Aliniambia nikisema jina sina kijiwe. Maneno ya kijiwe hulala kijiweni, ndivyo alivyosema. Na Sukari anajua unapokaa, mpenzi. Nilikuwa nakulinda."

"Kunilinda!" Fundi alisimama, mkeka ukamkunjamana miguuni. "Umeniacha napita pale kila siku namsalimia mtu aliyenivunja mkono! Jumatano aliniambia kutoka ng'ambo ya barabara, 'Pole sana, shemeji.' Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu ahsante. Ahsante, Taratibu! Nilimshukuru!"

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Kumvalisha au kumficha?"

"Nikimtaja yeye," sauti ya Taratibu ilikuwa imekauka, "najitaja na mimi. Namba nilimpa mimi. Kila mtu pale anaazimana namba kama chumvi, lakini iliyokuvunja mkono ni yangu. Ningekwambiaje?"

Fundi alifunga macho. Hapo, na hapo tu, alisikia ukweli wake.

"Basi jitaje."

"Nipe muda, mpenzi. Nitafute njia..."

"Wewe kila kitu taratibu. Hata ukweli!" Akakata simu, akamrudishia mama kwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa analia bila sauti. Fundi hakulia.

Jioni hiyo alipiga magoti kati ya cherehani mbili. Hakujua aombe vipi, kwa maana maombi aliyofundishwa yote yalikuwa ya kuomba amani. Mwishowe akasema, "Ee Mungu, watu huja kwako uwapoze. Mimi usinipoze. Niache hivi hivi nilivyo mpaka kazi iishe, halafu utanipoza."

*

Kazi ilijileta yenyewe. Jumatatu muuza mboga wa kona alikuja kuchukua sketi yake, akakuta haijaguswa, akaona plasta, akataka kujua. Alipoambiwa, akaketi juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mimi ilikuwa namba tisa," alisema. "Mwezi uliopita, naenda sokoni alfajiri. Alinivua hata viatu. Nilipokwenda kijiweni kuuliza, namba tisa mwenyewe alikuwa babu mzima, ana jino moja. Wakanicheka. Wakasema nimeota."

"Aliyekuibia alinukia?"

Muuza mboga akamtazama. "Kama bwana arusi."

Habari ikatembea, na Jumanne alikuja mwalimu wa chekechea. Yeye ilikuwa namba thelathini na moja. Jumatano, mfanyakazi wa saluni: namba sita. Kila mmoja alikuwa ameificha habari yake kama kidonda sehemu ya aibu, akidhani ni uzembe wake. Namba nne, na harufu moja. Na namba zote nne zilitoka chini ya sindano ya Fundi.

"Nilishona ulinzi," aliwaambia, "kumbe nimemshonea mwizi kabati la nguo."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza mwalimu.

"Jumapili saa tisa wana kikao. Nitakwenda kuchukua kazi yangu."

Kijiwe kilikuwa chini ya paa la bati kando ya stendi. Jumapili hiyo jua lilikuwa kali, pikipiki zimepangwa safu, wanaume arobaini na ushee wameketi kwenye mabenchi, migongo imewaka rangi ya machungwa. Mwenyekiti alikuwa anazungumzia foleni ya kupakia abiria. Fundi aliingia katikati na wanawake watatu nyuma yake. Alivaa lile gauni la bluu. Kwenye mkono wa kushoto alishika mkasi wa kukatia suti, mrefu, mweusi.

Vichwa vyote vikageuka.

"Karibu, mama," alisema Mwenyekiti. "Hapa ni kikao cha wanachama."

"Nimewavisha wote. Mimi ni mwanachama kuliko wewe."

Kicheko kilianza upande mmoja, kikafa. Fundi alimwendea mtu wa kwanza kwenye benchi, akashika pindo la namba mgongoni mwake, akaingiza ncha ya mkasi chini ya mshono. Mkono wa kushoto haukuzoea. Aliikata vibaya, kitambaa kikachanika.

"Dada, unafanya nini!"

"Nabandua. Namba hii si yako. Ni ya anayepanda nyuma yako, aitazame ajue amtaje nani. Nyinyi mmeigeuza kofia ya kujifichia. Babu, wewe ni namba tisa? Geuka."

"Shemeji," sauti laini ilisema kutoka nyuma ya benchi la mwisho. Sukari aliinuka, shati jeupe, viatu vinang'aa, tabasamu kama la picha ya kalenda. "Shemeji yangu, hasira hasara. Pole zako tunazibeba sote hapa."

Fundi alisikia damu ikimpanda mpaka kwenye masikio.

"Usiniite shemeji. Mimi nakujua kwa pua."

"Mambo haya," Mwenyekiti aliingilia kwa haraka, "tutayamaliza kifamilia..."

"Familia ya nani, Mwenyekiti? Yako au yangu?" Aligeuka akawatazama wote. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyeishona hiyo nguo, na nimeliwa. Huyu mwalimu ameliwa. Huyu ameliwa mpaka viatu. Na nyinyi mlikuwa mnajua! Mnatugombania asubuhi kama mali, dada huku, dada kule, halafu mmoja wetu akitupwa kwenye tope mnakuwa bubu. Nani alivaa kumi na saba Ijumaa ile? Siwaulizi nyote. Namuuliza mmoja."

Hakumtazama. Hakuthubutu. Alijua kwamba akikaa kimya sasa, hatamwona tena maishani mwake, hata kama atakuwa anapita mbele ya duka kila siku. Na alijua atakavyoumia, akaumia kabla.

Benchi lililia. Taratibu alisimama. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. Alivua kizibao, akakishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka maiti ya mtoto.

"Kaa chini," alisema Mwenyekiti.

"Nimekaa sana," alijibu Taratibu. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini bati lenyewe lilisikiliza. "Ijumaa ile kizibao hiki hakikuibiwa; nilirudishiwa kimya kimya, nikakificha hadi leo. Niliwadanganya polisi. Nilimdanganya na huyu. Asubuhi nilimvalisha mtu kwa mkono wangu, nikamfungia na zipu, kwa sababu nilitaka kumsaidia mwenzangu apate riziki, na kwa sababu ndivyo tunavyofanya hapa. Nilimvalisha Sukari, mpwa wa Mwenyekiti."

"Kuanzia leo huna kijiwe!"

"Sawa, mzee."

"Na kwingine kokote mjini hutapokelewa!"

"Sawa, mzee. Lakini nimeshasema."

Babu wa namba tisa aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu. "Na mimi... alfajiri ile nilimwachia, nikaenda kunywa chai." Akamgeukia muuza mboga. "Nilikucheka, mama. Nilijua, nikakucheka."

Namba sita akasema. Thelathini na moja akasema. Sukari alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea kwenye pikipiki, tabasamu limemganda. Mtu mmoja akamdaka kola. Kisha likapasuka lile neno ambalo kila mtu mjini anajua linavyoanza na linavyoishia.

"Mwizi!"

"Mwizi huyo! Leteni petroli!"

Watu wale wale waliokuwa bubu walimvamia. Shati jeupe likachanika. Mwenyekiti akaangusha fimbo, akalia, "Mwanangu! Mwanangu!" Taratibu alijitupa katikati, akapigwa ngumi iliyokuwa ya mwingine. Fundi akapanda juu ya benchi na mkasi wake, akapiga kelele ambayo hakujua anayo.

"Hamtamgusa! Nasema hamtamgusa, wanafiki nyinyi!"

Mikono ikasimama hewani.

"Jana mlimficha, leo mnataka kumchoma! Mnataka afe haraka ili asiseme alikuwa anavaa za nani! Jicho langu liko kwenye kila mkono. Nataka afike mbele ya hakimu na meno yake yote, ayatumie kujibu. Na nyinyi mliomwazima mtakwenda naye, kwa miguu yenu. Atakayemmwagia petroli, aanze na mimi."

Muuza mboga akapanda benchi kando yake. Mwalimu naye. Aliyekuwa ameshika kola alilegeza vidole kidogo, lakini hakuiachia. Basi wakaenda hivyo hivyo, msafara mzima, mchana kweupe, barabara kuu nzima ikisimama kuwatazama: Sukari katikati, Taratibu ameshika mkono wake mmoja ili asitoroke wala asiumizwe, na nyuma yao wanaume wenye vizibao vilivyochanika migongoni.

Polisi wa dawati aliwaona wanaingia, akatafuta kalamu nyingine.

Ilichukua saa mbili. Wanawake waliketi kwenye ngazi za nje. Mama yake Taratibu alifika, kitambaa kichwani kimekaa upande, akaketi karibu na Fundi bila kumgusa, kwa kuogopa. Taratibu alipotoka alikuwa na jicho lililovimba na wino kwenye kidole gumba. Alisimama ngazi mbili chini ili uso wake uwe chini ya wa Fundi.

"Nimeandikisha yote. Yule mwenzake wa kiwandani anatafutwa. Nitaitwa kama shahidi. Na pengine kama mshitakiwa, kwa ule uongo. Wamesema hakimu ataamua. Sina kijiwe. Sina haki ya kukuuliza kitu. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu."

"Uliza," alisema Fundi.

"Nini?"

"Kile ulichokuwa unauliza kwenye simu mwezi wa nne. Uliza hapa, watu wakisikia."

Taratibu alitazama ngazi zilizojaa watu: wanawake watatu, waendesha bodaboda, polisi aliyetoka kuvuta hewa, mama yake. "Harusi," alisema, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Harusi bado ipo?"

Fundi alisimama. Mkono wa plasta ulikuwa unauma kuanzia vidoleni mpaka shingoni, na hasira ilikuwa ingali ndani yake, nzima, haijapoa hata kidogo. Alishangaa kuona kwamba mapenzi nayo yalikuwa humo humo, hayakuhama. Akanyanyua sauti ili hata wa ng'ambo ya barabara asikie.

"Mbele ya Mungu, na mbele ya mama huyu, na mbele yenu nyote mliokuwa bubu, naahidi hivi. Kila siku ya kesi nitakaa benchi la mbele, na huyu akiogopa kusema, atanitazama mimi na atasema. Kesi ikiisha, nitaolewa naye, awe huru au awe anatumikia adhabu, nitamngoja. Nitaolewa naye nikiwa bado nimekasirika, na hasira hiyo nitaingia nayo ndani kama sanduku langu, na siku atakaponificha neno, hata liwe dogo kama tundu la sindano, nitalifungua sanduku hilo."